Mtoto Anapokwama kwa Maneno

Wazazi wengi hufadhaika pale mtoto wao wa miaka miwili au mitatu, aliyekuwa akisema vizuri, aanzapo kusema "ma-ma-ma-maji", au kuvuta herufi moja kwa muda mrefu, au kufumbua kinywa na sauti isitoke kabisa. Baba hukasirika, mama huona haya mbele ya wageni, na nyanya husema mtoto ameshtuliwa na kitu usiku. Mwezi huu twapenda kulieleza jambo hili, kwani ulimi wa mtoto hatuwezi kuuendesha sisi, lakini masikio yetu na vinywa vyetu twaweza kuvitawala.

Kigugumizi huanza mara nyingi baina ya miaka 2 na 5, wakati maneno yanapomjia mtoto kwa wingi naye akajaribu kuyaunga. Kwa kukadiria, mtoto 1 katika kila 20 hupitia hali hiyo, na walio wengi, yapata watatu katika kila wanne, hupona kabla ya kuwa watu wazima. Katika watu wazima wamebaki nacho kiasi cha 1 katika kila 100, na wanaume ni wengi kuliko wanawake. Wataalamu wamehakikisha kwamba mara nyingi jambo hili hufuata ukoo, na kwamba asili yake imo katika namna ubongo unavyoongoza usemi. Basi mtoto huyu hakushtuliwa, wala si mvivu, wala si mjinga, wala wazazi wake hawakumletea kwa malezi mabaya. Na kumkata kimeo au uzi ulio chini ya ulimi hakuondoi kigugumizi. Kwamtia maumivu na hatari ya kutoka damu bure.

Lipi basi la kufanya nyumbani? Mtoto ajapo na neno lake, na tuache kazi kidogo, tumtazame kwa uso mkunjufu, tumngoje mpaka amalize. Tusimwambie "sema upesi", wala "vuta pumzi", wala "anza tena", ijapokuwa nia yetu ni njema, maana kila onyo la namna hiyo lamfundisha kuwa kusema kwake ni kosa. Wala tusimmalizie neno lake. Huenda silo alilotaka kusema. Lililo bora ni sisi wenyewe kusema polepole, na kunyamaza kidogo kabla ya kumjibu. Tumuulize swali moja kwa wakati, si matatu kwa pamoja. Ndugu zake nao wafundishwe kupokezana maneno, asiwepo wa kumkatiza mwenziwe. Na kila siku mama au baba ampe walau dakika tano za peke yake, za kucheza na kuzungumza bila ya haraka.

Iko desturi moja yafaa tuiache. Mgeni aingiapo, tumwitapo mtoto na kumwambia, "Haya, msomee mjomba Al-hamdu!", kwa mtoto mwenye kigugumizi huwa ni mtihani mzito. Akipenda kusoma, asome. Asipopenda, na atoe mkono tu, yatosha. Na siku atakapotambua mwenyewe kuwa amekwama akahuzunika, tusijifanye hatukuona. Tumwambie kwa upole, "Neno hilo limekuwa gumu kidogo, hapana neno, mwanangu, nakusikiliza."

Kisha hufika umri wa kwenda chuoni, na hapo ndipo penye khatari zaidi. Mtoto huketi mbele ya mwalimu, amehifadhi sura yake barabara, lakini herufi ya kwanza haitoki. Mwalimu hudhani hakudurusu, wenziwe hucheka, na pengine fimbo hushuka. Mtoto aliyepigwa kwa sababu hiyo aweza kukichukia chuo, na baadaye akakimbia kusoma Qur'ani mbele za watu maisha yake yote. Kwa hiyo ni wajibu wa mzazi kwenda kwa mwalimu mapema, akamweleza. Mwalimu naye ajue kuwa wengi wenye kigugumizi husoma bila ya kukwama wasomapo pamoja na wenzao kwa sauti moja. Basi na amsomeshe pamoja na mwenziwe, kisha amsikilize peke yake kwa utulivu. Tumepokea kwa Bibi Aisha r.a. kwamba Mtume s.a.w. alieleza kuwa mwenye kuisoma Qur'ani kwa kukwamakwama na kwa taabu ana malipo mawili. Vipi tumpige mtu kwa jambo ambalo Mola wake amlipa mara mbili?

Tena na tumkumbuke Nabii Musa a.s. Katika Sura Taha twasoma jinsi alivyomwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi wake, na ampe nduguye Harun awe msaidizi. Hakunyimwa utume kwa ajili ya ulimi. Alitumwa kwa Firauni mwenyewe. Na katika Sura Al-Hujurat, aya ya 11, tumekatazwa kudharauliana na kuitana kwa majina mabaya. Basi mtoto asiitwe "Kigugumizi", si nyumbani wala mtaani, hata kwa mzaha.

Iwapo hali hii imepita miezi sita, au ilianza baada ya miaka mitatu na nusu, au ukooni wamo waliobaki nayo ukubwani, ni bora kutafuta msaada. Na akikaza uso na shingo kwa taabu, au akianza kuogopa kusema, tusingoje. Tumpeleke kwa daktari, tukauliza katika hospitali kubwa kama yuko mtaalamu wa usemi. Matibabu yapo, na huwafaa zaidi watoto wakianza wangali wadogo.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira juu ya watoto wetu, na awafungulie ndimi zao kwa kheri. Amin.