Likasi: mbele ya kununua mashini kwa watoto wenyi ulemavu, mwalimu afundishwe kwanza

Toka mwezi wa tisa 2019, masomo ya msingi ya serkali iko bure mu Kongo yote. Kwa mzazi wa Kikula ao wa Panda mwenyi alikuwa anakosa franga kila mwezi, ilikuwa pumziko kubwa. Lakini klasi yenyi kujaa iko na shida yake. Mtoto mwenyi haoni muzuri, mwenyi hasikii, ao mwenyi mkono wake haushike bic, anapotea katikati ya wengine. Jina yake iko mu rejista, kila asubuhi anaikaa ku banki kama wenzake, lakini masomo haimufikie. Mwisho wa mwaka watu watasema ni mvivu, ao hana akili.

Kwa upande wa sheria, maneno haikosekane. Katiba ya 2006, ku kipengele 49, inasema watu wenyi ulemavu wako na haki ya kulindwa kwa namna ya pekee. Mu 2015 Kongo iliingia mu Mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenyi ulemavu. Na tarehe 3 mwezi wa tano 2022, sheria ya pekee juu ya kulinda na kukuza haki hizo ilitiwa sahihi. Kumurudisha mtoto nyumbani sababu ya ulemavu wake hakuna tena mahali pa kujifichia. Lakini sheria peke yake hailete kitu mu klasi. Mtoto akisha kupokelewa, atasoma na nini?

Vyombo vya kusaidia viko vya namna mingi, na vingi haviombe umeme. Lineti ni chombo. Fimbo nyeupe na kigari pia. Kwa mtoto kipofu, kuko kibao na msumari mdogo wa kutobolea karatasi, kwa kuandika yale maandishi ya vinundu yenyi Louis Braille, kijana wa Ufaransa, alitengeneza mu 1824 akiwa na miaka 15. Mu 2022, OMS, shirika la afya ulimwenguni, pamoja na UNICEF, walitoa hesabu: zaidi ya miliari 2,5 ya watu wako na lazima ya chombo kimoja ao zaidi, na karibu miliari moja hawakipate. Mu inchi zingine maskini, ni watu 3 tu ku 100 ndio wanakipata.

Kuko chombo kimoja chenyi kilisha kuingia mu nyumba mingi za Likasi: telefone. Telefone ya Android, hata ya bei ya chini, mara mingi iko na programu ndani yenyi kuitwa TalkBack. Mtu akiiwasha, telefone inasoma kwa sauti kila kitu chenyi kidole kinagusa. Kuko pia njia ya kukuza herufi, na programu za bure za kusoma kwa sauti ukurasa wenyi umepigwa picha. Kwa mtoto mwenyi anaona kidogo, mwalimu anapiga picha ya tablo, mtoto anaikuza mbele ya macho yake. Kwa ule mwenyi herufi zinamuchanganyikia, kusikia somo huku akifuata na kidole kunamupunguzia uchovu. Na ule mwenyi mkono wake hauandike anaweza kurekodi jibu yake kwa mdomo.

Sasa, sababu gani hiyo haionekane sana mu klasi?

Ya kwanza ni umeme. Mwadingusha na Koni ziko ku mto Lufira, si mbali, lakini delestaje inajulikana mu kila kartye. Kongo inatoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile yenyi kuingiaka mu betri za telefone, na mtoto wa mji huu anaweza kukosa mahali pa kuchaji. Ni jambo la kuumiza, lakini si ukuta: telefone yenyi ilichajiwa nyumbani usiku inaweza kumaliza saa za masomo.

Ya pili ni mega. Programu zingine zinaomba intaneti kila wakati. Lakini sauti za kusomea mtu anaweza kuzipakua mara moja, kisha zinatumika bila mega.

Ya tatu ni luga. Sauti ya Kiswahili ya telefone inasema kama mtu wa Nairobi. Mtoto mwenyi kusemaka Kiswahili cha Likasi atashangaa, na ataizoea kama kuko mtu wa kumusindikiza.

Ya ine ni nidhamu. Masomo mingi inakataza telefone, na sababu inaeleweka: michezo, wizi, picha mbaya. Lakini hakuna mwalimu mwenyi kunyanganya mtoto lineti. Kama telefone ndiyo lineti ya mtoto fulani, direktere anaweza kuandika ruhusa, telefone ikae bila karte SIM, na mwalimu aichunge.

Mu Kenya, shirika inABLE, lenyi lilianza mu 2009, liliweka komputa zenyi kusema mu masomo ya vipofu ya Thika. Programu moja ya namna hiyo, NVDA, ilianzishwa mu 2006 na kijana mmoja kipofu wa Australia, na haiuzwe. Lakini ku Thika mashini haikuachwa yenyewe. Kuliwekwa watu wa kufundisha watoto kuitumia. Bila ule mtu, komputa inaikalaka mu chumba cha kufungwa na ufunguo, vumbi juu yake.

Kwa mtoto kiziwi, jambo hilo linaonekana zaidi. Kuko programu za kugeuza maneno kuwa maandishi, lakini inasaidia tu mwenyi anajua kusoma. Mtoto wa mwaka wa kwanza analazimika kupata mbele luga ya alama, na watu wa kusema naye. Andrew Foster, Mmarekani mweusi na kiziwi, toka 1957, akianzia Ghana, alifungua masomo ya viziwi mu inchi mingi za Afrika, hata Kongo. Alifundisha viziwi wenyewe wawe walimu. Hakuanza na mashini.

Basi, kama komite ya wazazi ao mfazili mmoja iko na pesa kidogo, ianzie ku mwalimu. Mwanzo wa mwaka, mwalimu aombe kila mtoto asome tablo akiwa nyuma, kisha akiwa mbele. Hiyo haiombe hata franga moja. Kisha, mu kila masomo, mwalimu mmoja ajifunze TalkBack na kukuza herufi. Vipofu wenyi wanatumia telefone kila siku ndio wa kumuonyesha, na walipwe kwa kazi hiyo.

Kunabakia siku ya ENAFEP. Mtoto mwenyi alisoma na sauti mwaka yote, siku ile anaweza kukuta mbele yake karatasi na bic tu. Nani atamusomea maswali? Dakika ngapi zitaongezwa? Direktere na sous-division wasikilizane juu ya hiyo miezi mbele, si asubuhi ya ekzame wakati mtoto anangoja ku mlango.