FLAC si uchawi, na MP3 si kumbukumbu

Haya, leo nina neno na makundi mawili. La kwanza linasema hip-hop ya zamani ina sauti chafu hata hivyo, kwa hiyo MP3 ya kbps 128 inatosha. La pili linadhani faili ikiwa kubwa basi sauti ni nzuri. Yote mawili yamepotea njia.

Chukua albamu moja: Mecca and the Soul Brother ya Pete Rock na CL Smooth, iliyotoka 1992. Pete Rock alijulikana kwa kutengeneza midundo kwa SP-1200, sampla ya E-mu ya mwaka 1987. Mashine hiyo hunasa sauti kwa biti 12 na 26.04 kHz tu, na kumbukumbu yake yote ni sekunde 10 hivi. Ndiyo maana watayarishaji walizicheza santuri kwa kasi wakati wa kunasa, kisha wakakirudisha kipande chini ndani ya mashine. Mkwaruzo tunaoupenda unatoka huko.

Kundi la kwanza, sikieni. Mkwaruzo huo mtayarishaji aliusikia, akaukubali. Mkwaruzo wa MP3 uliamuliwa na programu. Kwenye kbps 128, kwa kawaida masafa ya juu ya 16 kHz hivi hukatwa, na matoazi husikika kama yamelowa maji. "They Reminisce Over You" ulizaliwa na msiba wa Troy Dixon, mnenguaji wa Heavy D & the Boyz, aliyefariki 1990. Mtu ameweka kilio chake pale, nawe unakikata ili kuokoa MB 25? Jamani!

FLAC, ya bure tangu 2001, hubana faili kama zip: ukiifungua unapata biti zile zile za CD, bila kukosa hata moja. Dakika moja ya CD ni MB 10.6, FLAC mara nyingi huishusha hadi nusu au theluthi mbili.

Sasa nyinyi wa biti 24 na 192 kHz. Mdundo uliopita kwenye biti 12 hauzai kitu kipya kwa kumiminwa kwenye pipa. Kikombe cha chai ndani ya pipa bado ni kikombe. Na sauti ya CL Smooth je? CD hufika 22.05 kHz, wakati sikio la binadamu huishia 20 hivi. Unalipia tarakimu.

Kibaya zaidi ni MP3 iliyogeuzwa FLAC. Ifungue kwa Spek, programu ya bure inayochora masafa. Ukiona ukuta umesimama kwenye 16 kHz wimbo mzima, shuku: huenda umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sikatai, ndani ya matatu MP3 ya kbps 320 haina shida, na ni wachache wangeitofautisha na CD. Ibebe kwenye simu. Lakini nyumbani weka FLAC, iliyotolewa kwenye CD halisi kwa Exact Audio Copy. Kutoka FLAC utatengeneza MP3 siku yoyote. Kutoka MP3 hakuna kurudi: maji yakimwagika hayazoleki.