Nani Kamziba Askari Mdomo?

Ndugu msomaji, kama hujawahi kuona wanaume wazima wakifuta machozi ndani ya kibanda umiza, njoo Ifakara. Siku ninayoisema ulipigwa mkanda wa Kihindi, Border, picha ya mwaka 1997 ya J.P. Dutta kuhusu mapigano ya Longewala ya Desemba 1971. Mabenchi yalijaa: vijana wa bodaboda, wabeba mizigo wa sokoni, wakulima waliokuja mjini kuuza gunia moja moja la mpunga. Kwenye picha, askari wanapata barua kutoka nyumbani, wanaanza kuimba. Wimbo mrefu, Kihindi mwanzo mwisho. Mtafsiri, ambaye tangu picha ianze hakufunga domo hata bunduki zikilia, hapo akanyamaza. Jirani yangu, fundi baiskeli asiyejua hata neno moja la Kihindi, akaninong'oneza: "Huyu anamkumbuka mama yake." Na kweli, alikuwa kapatia.

Ulipokwisha, ukawekwa mkanda wa kwetu. Askari wetu akaingia: gwanda limepigwa pasi, buti linang'aa, anafoka. Akafyatua risasi. Akapigwa, akafa. Juu ya maiti kinanda kikalia, na sauti ya mtu mwingine kabisa, kajifungia studio huko Dar, ikalalamikia mapenzi. Marehemu mwenyewe hakuwahi kuimba hata mstari mmoja tangu alipoingia. Kibanda kizima kikacheka. Jamani, mtu kafa na watu wanacheka!

Basi nasema hivi, na atakayekasirika akasirike. Askari wa picha zetu ni bubu. Askari wa hadithi zetu, sisi tunaojiita waandishi chipukizi, ni bubu vilevile. Tena hakuzaliwa bubu. Kazibwa mdomo, na baadhi ya mikono iliyomziba ni yetu.

Msije mkadhani naongea hewani. Nilikwenda Kibaoni kwa Baba Mkubwa, ambaye alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo. Majeshi ya Amin yalivamia mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Nikamwuliza, "Baba Mkubwa, mlikuwa mnaimba nini kule?" Akaanza na ule unaojulikana, wa kumtukana Nduli, wa aina ile ambayo watoto wa shule waliendelea kuiimba kwenye mchakamchaka miaka mingi baada ya vita kwisha. Akauimba kifua mbele, sauti juu.

"Na mwingine?"

Akatazama mlango. Mama Mkubwa alikuwa uani anapepeta mchele. Mzee akashusha sauti, akaimba wimbo wa pili. Ulikuwa wa mtu aliyemwacha mkewe na shamba la mpunga, mto umejaa, na hajui nani atamsaidia kupandikiza. Katikati ya wimbo alimtia na mpishi mmoja wa jeshi aliyegawa maharage kwa kuhesabu punje. Alipomaliza akaniambia: "Huu hatukuuimba mbele ya ofisa, mwanangu. Huu ni wa usiku, mguu unapokataa kwenda."

Kutoka uani sauti ikauliza: "Miaka yote hiyo, mbona mimi hujawahi kuniimbia?"

Mzee hakujibu.

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho hakuna semina ya uandishi iliyowahi kunifundisha. Askari ana nyimbo za aina mbili. Ule wa kwanza ni wa jukwaani, wa redioni, wa kumtisha adui na kumfurahisha mkubwa. Wa pili ni wa njiani, na humo ndimo anamosema asiyoruhusiwa kuyasema akiwa amesimama mguu sawa. Wa kwanza tumeutunza. Wa pili tumeuacha ufe pamoja na wenyewe.

Na huu si msiba wa jana. Vuka daraja la Kilombero, panda mlima hadi Mahenge. Pale ndipo tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Majimaji walipoivamia boma ya Wajerumani na kukutana na bombomu. Pale pale, Oktoba 1917, Wabelgiji waliwatimua Wajerumani. Katika vita ile pande zote zilichukua wanaume wetu kubeba mizigo: masanduku ya risasi, magunia ya chakula, vitanda vya mabwana. Makumi ya maelfu walikufa kwa njaa, kuhara na homa. Dar es Salaam tunayo Kariakoo, jina lililotokana na wapagazi hao wa jeshi la Mwingereza. Kariakoo tunajua bei ya viatu na bei ya simu. Nani kati yetu anajua wimbo mmoja tu wa mpagazi?

Walioimba walikuwepo. Vita ilipokwisha, askari na wapagazi waliirudisha majumbani ngoma ya beni, wakajipa vyeo vya kijeshi, wakagawanyika Marini na Arinoti, wakaimbana mitaani. Lakini msikilize mwenzetu Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani hapa. Karudi kwao, na mwaka 1920 akatoa kitabu akakiita Heia Safari!. Ukapatikana na wimbo wenye jina hilo hilo, vijana wa Ujerumani wakatembea nao kwenye barabara zao safi. Safari ilikuwa ya babu zetu, mzigo ulikuwa kichwani mwa babu zetu, wimbo ukawa wao!

Sinema nayo ikaja kumalizia. Itazame The African Queen ya mwaka 1951, ya Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Hadithi inaanza mwaka 1914 hapa hapa, Afrika Mashariki ya Kijerumani. Onyesho la mwanzo kabisa ni ibada kanisani: Hepburn anapiga kinanda, na Waafrika wanatakiwa waimbe. Wanachotoa ni mvumo usio na maneno wala mpangilio, ili mtazamaji wa Ulaya acheke. Yeyote aliyewahi kukaa Jumapili moja tu kwenye parokia yoyote ya bonde hili, akasikia kwaya, anajua huo ni uongo wa mchana. Dakika chache baadaye askari wanaingia na kuchoma kijiji. Hao ndio hawasemi kabisa. Raia wananguruma, askari wanachoma.

Sawa, yule ni Mzungu, alikuwa na yake. Sisi je? Sisi ambao Rashidi Kawawa, kabla ya siasa kumchukua, alicheza sinema ya Muhogo Mchungu miaka ya mwanzo ya 1950! Vita vya Kagera vilipopiganwa, yeye ndiye aliyekuwa Waziri wa Ulinzi, Simba wa Vita. Nchi iliyompa mcheza sinema wizara ya jeshi ingepaswa kuwa ya kwanza kumpa askari sauti kwenye picha. Badala yake stelingi wetu wa kijeshi tumemkopa kwa Rambo: kifua wazi, risasi haziishi, mdomo umefungwa.

Kuna mshikaji wa kikundi chetu cha uandishi aliponisikia alinikatiza: "Wewe, nyimbo kwenye picha ni mambo ya Wahindi. Vitani haimbi mtu." Kaka, pale risasi inapopita sikioni, ni kweli. Lakini vita ni risasi dakika kumi na kutembea wiki tatu. Ni kuchimba handaki, kupakua lori, kungoja. Jeshi la Marekani, lenye magari mengi kuliko miti ya Udzungwa, linakimbia kwa wimbo wa kuitikiana. Mtindo huo ulitokana na askari mmoja mweusi, Willie Duckworth, mwaka 1944, na Hollywood imeutia kwenye picha chungu nzima. Katazame Full Metal Jacket ya mwaka 1987. Na mtu aliyepitia JKT Chita, hapa hapa bondeni, mwambie kwamba askari haimbi uone atakavyokushangaa.

Mwingine kasema jeshi lina siri zake, tusichokonoe. Nakubali: mahali pa mizinga ni siri. Lakini njaa ni siri ya nani? Kumkumbuka mke ni siri ya kambi gani?

Tena mfano mzuri tunao ndani ya mkoa wetu wenyewe. Mazimbu, pale Morogoro mjini, wapigania uhuru wa ANC walikuwa na shule yao ya Solomon Mahlangu. Waliimba, wakaunda na kikundi chao cha Amandla kilichozunguka dunia. Mwaka 2002 Lee Hirsch akatoa filamu nzima, Amandla!, kuonyesha jinsi nyimbo zilivyokuwa silaha ya Waafrika Kusini. Wageni wetu nyimbo zao zimo kwenye filamu. Sisi wenyeji, tuliowapa ardhi ya kuimbia, za kwetu ziko wapi?

Sisemi sasa kila askari wa bongo muvi aanze kuzunguka mti kama yuko Bombay. La hasha. Wimbo wa kubandika ni ule ule ububu, umepakwa rangi tu. Ninachotaka ni kazi. Simu unayopigia picha sahani ya chipsi ina kinasa sauti. Nenda kwa wazee: Mang'ula, Mlimba, Malinyi, popote ulipo. Kijana wa miaka ishirini wa vita vya Kagera leo ni babu, na kila masika tunawazika. Usiishie kunasa wimbo tu. Uliza uliimbwa wapi, saa ngapi, nani alianzisha, nani aliitikia, na zaidi ya yote, nani hakutakiwa kuusikia. Jibu la swali hilo la mwisho ndiyo hadithi yako. Ukiisha kulipata, kaandike. Na mwenye kamera akapige picha.

Waliobeba mizigo mwaka 1917 wamekwenda na nyimbo zao, na sisi hatukuwepo kuwauliza. Hawa wa Kagera tupo nao, tunakaa nao baraza moja, tunawapita tukienda kibandani kulia na askari wa watu. Tukiwaacha nao wakaenda, tusimtafute Mzungu wa kumlaumu.

Mimi naanza na ule wa Baba Mkubwa. Mama Mkubwa ameshaudai mara mbili.