Sauti ya WhatsApp isiyo na tarehe inamla mfanyabiashara

Tangu M23 ichukue Goma mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa na benki zikafunga milango, mfanyabiashara wa Butembo anayetaka kufika Goma analazimika kuchagua njia. Ashuke kwa barabara ya Lubero na Kanyabayonga, ambako kumekuwa na mapigano, ama azunguke Kasindi, apite Uganda na Rwanda mpaka Gisenyi. Mzunguko huo unadai hati za kusafiria, siku za ziada na kubadilisha pesa zaidi ya mara moja.

Siku hizi uamuzi huo unafanyika kwenye simu. Kabla ya kufungua duka, mama anasikiliza sauti za WhatsApp: barabara imekatwa, mpaka umefungwa. Imekatwa lini? Wapi? Hakuna anayejibu. Mara nyingi ni sauti ya wiki iliyopita, imerushwa tena na mtu aliyekaa nyumbani kwake. Mama anazunguka Uganda bure, na faida yote inaishia njiani.

Wanaosema simu itupwe hawajawahi kungoja siku nne habari za mzigo. Ila msimamizi wa kundi la wafanyabiashara ana kazi: kila sauti isiyotaja siku na mahali, aifute, hata kama imetumwa na mheshimiwa. Na dereva wa lori asikilizwe kwanza. Yeye husema amelala kijiji gani na amelipa ngapi kwenye kila kizuizi.