Mataa sita, rejeta mbovu!

Mwenzenu nimerudi mjini vumbi mpaka kwenye kope, na habari niliyo nayo ni ya pikapu.

Si pikapu yangu. Mimi nina baiskeli, nayo tairi la nyuma lina pancha tangu Pasaka. Ni ya mjomba. Mjomba wangu alifanya kazi stoo ya kampuni moja ya kupeleka watalii porini, hapa hapa Arusha, miaka 22. Kila alfajiri yeye ndiye anatoa mahema, magodoro, masufuria na madumu ya maji, anaandika kwenye daftari. Safari ikirudi anavipokea na kuvihesabu. Vigingi vya hema peke yake amehesabu vingi kuliko nywele za kichwa chake, ingawa siku hizi hilo si jambo gumu. Lakini kulala ndani ya hema moja, hata usiku mmoja, hakuwahi. Ziwa Natron alikuwa analijua kwa vumbi tu, lile la kijivu lililokuwa linarudi kwenye maturubai.

Basi alipostaafu na mafao yakatoka, ukoo mzima ukakaa roho juu. Kuna waliotaka ajenge vyumba vya kupangisha. Mkaza mjomba alitaka mashine ya kusaga. Mjomba akasikiliza kila mtu, akanywa chai yake, akapanda basi la Moshi, akarudi na Hilux. Milioni 14!

Ilikuwa dabo kebini ya mwaka 1996, dizeli, ya umbo la kizamani, ile mafundi wanaiita kwa namba ya chesisi, LN106. Injini ni 3L, silinda nne, cc 2,779. Haina turbo wala kompyuta. Ekseli ya mbele ni nzima kama ya nyuma, na gari lote limekalia springi za vyuma bapa vilivyopangwa kama chapati. Mambo haya nimeyajua baadaye. Siku ile nilichoona mimi ni rangi nyeupe na kiti cha dereva kilichochanika.

Mkaza mjomba alipofoka, mjomba akatoa simu na kumwonyesha kile kipindi cha Top Gear cha BBC cha mwaka 2003. Jamaa walichukua Hilux ya dizeli kama hiyo, wakaizamisha baharini, wakaichoma moto, wakaipandisha juu ya jengo refu kisha jengo likalipuliwa, na bado fundi aliigusa ikawaka. "Umeona? Hii gari haifi," akasema mjomba. Mkaza mjomba akajibu kwamba hao walikuwa Uingereza, na wakikwama wanarudi kwao kwa teksi.

Kilichofuata ni mambo ya mjini. Mjomba alifunga ngao kubwa ya chuma mbele, keria juu, mataa sita, matairi mapana yenye meno kama ya mamba, na spika ambayo ikilia kuku wa jirani wanahama. Ki ukweli na mimi nilishiriki, stika ya simba kwenye mlango nilichagua mwenyewe. Milioni 3 na ushee zikayeyuka. Kuhusu injini, gereji moja ya mjini, jina nalihifadhi, ilifungua boneti, fundi akainamisha sikio kama daktari, akasema, "Mzee, hii injini ni chuma." Akalipwa 30,000 na soda juu.

Tukaondoka Jumamosi moja ya mwezi wa pili. Tulikuwa sita: mjomba, mkaza mjomba, mimi, dada yangu na mwanawe wa miaka minne, na binamu yangu aliyekaa nyuma na mizigo. Makuyuni, Mto wa Mbu, kisha tukakunja kulia kuelekea kaskazini. Lami ikituaga, barabara ikaanza yale mawimbi madogo yanayotikisa mpaka meno. Spika ikakatika hapo hapo. Mimi nilishukuru.

Tulipopita Engaruka jua lilikuwa la utosi. Mti wa kivuli hakuna, ni majani makavu na majivu ya volkano. Mbele yetu ukasimama Ol Doinyo Lengai, na mjomba akaanza kutuelimisha: Mlima wa Mungu kwa Kimasai, mita 2,962, volkano hai pekee duniani inayotema lava ya kaboneti. Alikuwa amekariri miaka yote ile kutoka kwenye vipeperushi vya ofisini.

"Mbona unatoa moshi?" akauliza mtoto.

"Huwa unatoa, babu."

"Sio mlima," akasema mkaza mjomba. "Ni sisi."

Hamadi! Mshale wa joto ulikuwa umelala kwenye nyekundu, na hakuna aliyekuwa anauangalia. Binamu akaruka na kitambaa ili afungue kifuniko cha rejeta, mjomba akampiga mkono. Kwa miaka 22 alishatoa dawa ya kuungua mara nyingi, na anajua dereva aliyefungua rejeta ya moto anarudi na uso wa namna gani. Tukasubiri nusu saa nzima. Maji yaliyobaki ndani yalikuwa mekundu kama chai ya rangi iliyolala.

Tulikuwa na dumu moja la lita 20. Rejeta ikanywa nusu, tukaenda kama kilomita nne, ikachemka tena. Mjomba akashuka, akalifuata dumu. Mkaza mjomba alikuwa ameshalikalia.

"Haya ni ya mtoto," akasema.

Mjomba hakubisha. Alimwangalia yule mtoto aliyekuwa amelala miguuni kwa dada, midomo imeanza kukauka, akaenda kukaa kwenye kivuli cha gari upande wa pili. Nimemfahamu mjomba maisha yangu yote, sijawahi kumwona amekaa vile. Mafao ya miaka 22 yalikuwa pale yanatoa mvuke.

Mchana wote lilipita pikipiki moja tu, limejaa. Jioni wakatokea vijana wawili wa Kimasai na punda, wanarudisha maji bomani. Walitupa dumu zima na hela wakakataa, wakachukua chupa tupu tu. Giza lilipoingia mjomba akakumbuka mataa. Akawasha yote sita, ili yeyote aliye njiani atuone. Jamani, ilikuwa kama mchana! Ilidumu kama saa moja. Yakaanza kuwa ya manjano, yakawa mekundu, yakazimika, na betri nayo kwaheri. Fisi akalia. Mjomba akasema yuko mbali. Mkaza mjomba akasema si mbali. Saa 5 usiku ndipo likaja lori linalotoka Ngare Sero, likatufunga mnyororo na kutuvuta mpaka Mto wa Mbu.

Sasa msomaji, kama una mkweche wa dizeli na unaota kuupeleka porini, hapa ndipo utege sikio.

Pikapu ililala kwa fundi mmoja mzee pale Unga Limited. Mjomba alinituma nikae gereji kulinda spea, si unajua tena mambo ya spea nzima kutoka na mbovu kuingia. Nilikalia kreti tupu la soda siku tisa. Siku ya kwanza vijana waliniambia, "Dada, kaa pembeni usichafue gauni." Siku ya tatu nilikuwa nashika tochi.

Yule mzee hana maneno mengi. Mwaka 2011, wakati watu wanamiminika Samunge kwa Babu, Mchungaji Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha 500, yeye alikuwa kwenye njia ile wiki saba anatengeneza magari yaliyokufa barabarani. Anasema hakuona gari lililokufa kwa kukosa mataa.

Alichomoa rejeta, akaninyooshea. Nusu ya vile vijibomba ilikuwa imeziba kwa kutu, maana aliyekuwa nayo kabla yetu alikuwa anatia maji ya bombani miaka yote. Kisha akafungua pale panapokaa thamostati. Hamna kitu! Fundi fulani aliitoa zamani, kwa imani kwamba bila hiyo injini inapoa zaidi. Mzee akacheka kwa uchungu. Katika injini nyingi za aina hii, thamostati ikifunguka ndiyo inaziba ile njia ya pembeni ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, maji mengine yanazunguka humo humo kwenye injini yakiwa ya moto. Klachi ya feni nayo ilikuwa imechoka, feni inazunguka kivivu kama ya saluni. Kwa hiyo "chuma" chetu kilikuwa na magonjwa matatu ya maji, na tulikipeleka jangwani kikiwa na simba mlangoni.

Hedi ndiyo ilikuwa kesi. Injini hizi hazipendi kabisa kuchemka, hedi inapinda au inapasuka. Mzee aliiweka rula ya chuma, akapitisha kijibati chembamba chini yake. Imepinda, haikupasuka. Ikapelekwa kusawazishwa kwenye mashine, ikaja gasketi mpya, rejeta ikawekwa kifua kipya, thamostati, klachi ya feni, mipira yote ya maji, na kulanti badala ya maji ya bomba.

"Mkanda wa taimingi mlibadilisha lini?" akauliza. Mjomba akanitazama mimi, mimi nikatazama dari. Mkanda huo unabadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali zinagongana na pistoni. "Siku hiyo msiniite kutengeneza," akasema mzee, "mniite kuzika." Ukabadilishwa.

Na ile fo-wili tuliyoringia je? Kwenye magurudumu ya mbele kuna lok za kuzungusha kwa mkono. Ya kulia ilikuwa imeganda kwa grisi ya kale, haishiki. Lok moja isiposhika, difu inapeleka mzunguko wote upande huo uliolegea, na mbele hakuna kinachovuta. Yaani tungekwama kwenye mchanga tungekuwa na tuu-wili tu, na madoido.

Kwenye springi za nyuma mjomba alitaka ziongezwe chapati tatu kila upande. Mzee akaongeza moja. Ukikaza sana, alisema, springi haitavunjika, itavunjika chesisi. Matairi mapana yalikuwa yanasugua springi kila tukikata kona, akashauri tununue ya kipimo cha kiwandani, 205R16, yenye ubavu mgumu, na akiba ziwe mbili. Upepo paundi 35 kwenye lami, kwenye yale mawimbi tushushe mpaka 25, na pampu ya kurudishia tuwe nayo. Kichungio cha pili cha dizeli chenye kikombe cha kukusanya maji kikafungwa, kwa sababu huko mbele wese ni la madumu, na dumu lina siri zake.

Kuhusu betri alinipigia hesabu kwenye boksi la spea. Taa moja wati 55, mara sita ni 330. Gawa kwa volti 12, unapata ampea 27 na nusu. Betri yenu ya ampea 70 ikiwa imezeeka na injini imezimwa, mtakaa gizani kabla ugali haujaiva. Nilipata D ya fizikia kidato cha nne, na sikuwahi kuambiwa hivi.

Bili ilifika milioni 2 na laki 8. Mafao yalikuwa yameshaisha. Mjomba alikaa kwenye kreti langu muda mrefu, kisha akaanza kuvua kimoja kimoja. Spika ikaenda, keria ikaenda, matairi ya mamba yakaenda. Mataa manne yakanunuliwa na kijana mwenye Noah, na mawili yakahamishiwa kwenye ngao. Zilizopungua aliongeza mkaza mjomba, hela ya kikoba chake, ambayo ilikuwa ya mashine ya kusaga. Alizihesabu mbele ya fundi, akamkabidhi fundi, si mumewe.

Wiki iliyopita tumekwenda tena. Safari hii mkaza mjomba alikaa mbele, kazi yake ni mshale wa joto tu, na alikuwa anautangaza kama mpira wa redioni: "Katikati... katikati... bado katikati..." Nyuma kulikuwa na madumu mawili mekundu ya rejeta na matatu meupe ya kunywa, na ole wako uchanganye. Pale tulipolala njaa mwezi wa pili tulipita bila kusimama. Mjomba alipiga honi mara moja.

Tulifika Ngare Sero saa 9 alasiri. Ziwa lilikuwa linametameta, na flamingo kwa mbali kama mstari wa chaki ya pinki. Mjomba hakuliangalia sana. Alifungua hema alilokopa kazini kwake zamani, akalisimamisha mwenyewe, hakutaka tumguse, na saa 2 usiku alikuwa anakoroma ndani.

Asubuhi nilimkuta amechuchumaa, anahesabu vigingi. Vyote 14 vipo. Kilichopungua ni taa moja ya zile mbili za kwenye ngao. Iling'oka kwa mtikisiko mahali fulani njiani, waya tu ndio unaning'inia. Mpaka naandika hapa, hajaiulizia.