Dadu za Simu Hazikuonei

Kuanzia Kasese mjini mpaka Bwera, kwenye steji za boda boda kuna ludo za aina mbili. Ipo ya ubaoni, watu wamejazana na dadu zinatikiswa kwa makelele, na ipo ya kwenye simu, kijana kajiinamia peke yake akisubiri abiria. Anayeshindwa ubaoni hulaumu mkosi wa siku hiyo, kisha anadai marudiano. Anayeshindwa kwenye simu ana jibu moja tu: "Hii kompyuta inaniibia, bwana!" Na wachache walioanza kujifunza backgammon kwenye intaneti wamehamia na shutuma hiyohiyo, wengine kabla hawajajua kete zinaelekea upande gani.

Mimi shutuma hiyo naiita uvivu wa kuhesabu.

Tuutazame mchezo wenyewe wa backgammon. Kila mchezaji ana kete 15, ubao una pembetatu 24, dadu ni mbili. Kete mbili zikikaa pamoja haziguswi. Ikibaki moja, inaliwa na kurudishwa mwanzo. Mwanafunzi anaacha kete moja hatua sita mbele ya adui, inaliwa, anapiga kelele. Sasa ahesabu. Dadu mbili hutoa matokeo 36. Njia ikiwa wazi, 17 kati ya hayo yanafika hatua ya sita: sita kwenye dadu yoyote kati ya hizo mbili, tano na moja, nne na mbili, tatu-tatu, hata mbili-mbili. Ni karibu nusu! Angeisogeza kete hiyohiyo hatua moja tu, ikawa saba, yangebaki matokeo sita. Kompyuta haikumwibia kitu. Alijiweka mwenyewe mdomoni.

Kilio cha pili ni cha namba zinazofanana: "Mbona yeye kapata mara mbili mfululizo?" Kupata namba zinazofanana hutokea mara moja katika kila mitupo sita, kwa wastani. Kuzipata mara mbili mfululizo ni moja katika 36. Kwa kuwa kila mchezaji hutupa dadu mara ishirini na kitu katika mchezo mmoja, ajabu ingekuwa kucheza wiki nzima bila kuliona jambo hilo. Ila za kwako huzikumbuki. Hizo unaziita akili.

Mwaka 1979, huko Monte Carlo, Luigi Villa alikuwa ndiyo kwanza ametwaa ubingwa wa dunia alipofungwa 7 kwa 1 na programu ya Hans Berliner iliyoitwa BKG 9.8. Berliner mwenyewe aliuchambua mchezo ule baadaye, akakiri kwamba dadu ziliipendelea mashine yake na kwamba Villa alicheza kwa ustadi zaidi. Dadu zinaweza kumwendea mtu upande mmoja bila mkono wa mtu yeyote. Kufikia mwaka 1992, Gerald Tesauro wa IBM alikuwa na programu iliyojifunza kwa kucheza dhidi ya nafsi yake, na hiyo ilikaribia kiwango cha mabingwa bila kuomba huruma ya dadu. Mashine ya namna hiyo ina haja gani ya kumwibia mgeni asiyejua kulinda kete?

Kinachonikera zaidi ni kwamba kijana huyuhuyu asiyeziamini dadu za bure anaingia kwenye kibanda cha kamari, anatumbukiza sarafu kwenye mashine, na huko haulizi kitu. Mashine ile imepangwa ibakize sehemu ya kinachoingia. Ndiyo biashara yenyewe. Sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inakataza kamari kwa aliye chini ya miaka 25, nayo haijawahi kumzuia anayetaka. Kama ni kushuku, shuku panapochukua pesa yako. Na programu ya simu inayokuuzia sarafu za mchezo, nayo itazame kwa jicho kali. Hapo sibishani na mtu.

Kuna pia suala la mtandao. Ukiwa Bwera, karibu na mpaka wa Mpondwe, simu inaweza kurukia mnara wa Kongo katikati ya mchezo. Saa inaendelea kuhesabu, unapoteza. Inaudhi sana, lakini ni mnara, si dadu.

Anayeendelea kubisha achukue GNU Backgammon, programu ya bure ya kompyuta. Inakuruhusu utupe dadu zako mwenyewe mezani kisha uingize namba ulizopata, zako na zake. Mchezo ukiisha, itakuonyesha hatua moja moja ulipokosea, na kando yake bahati ilivyogawanyika. Kaazime dadu za ludo pale steji, ukae nayo mchana kutwa. Ukiendelea kuliwa, utuambie ni nani aliyeziroga.