Kungoja Kadi ya Kijani Kumetughilibu

Miongoni mwa nasaha anazopokea Mswahili awasilipo Marekani kwa viza ya masomo au ya kazi, hakuna iliyoenea zaidi, wala iliyotudhuru zaidi, kuliko hii isemayo kwamba mkazi wa muda hana haki ya kadi ya mkopo wala ya mkopo wowote wa benki, na kwamba mwenye busara hulipa kila kitu taslimu na kuyaacha mambo ya kukopa mpaka siku atakapojaaliwa kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu. Huambiwa maneno hayo na watu wazima wenye heshima zao, msikitini na kanisani, arusini na matangani. Naye, kwa kuwa amelelewa kuwasikiliza wakubwa, huyapokea kama hukumu ya sheria. Dhana hii imezaliwa na hofu, na gharama yake wanailipa wale wale inaodai kuwalinda.

Sheria ya usawa katika utoaji wa mikopo, iliyopitishwa na Bunge la Marekani mwaka 1974, haikumwamuru mkopeshaji yeyote amnyime mgeni. Kanuni zake zinamruhusu aulize hali ya ukaazi wa mwombaji na kuizingatia, maadamu anataka kujua kama deni lake litalipika. Na baina ya kuruhusiwa kuuliza na kuamriwa kukataa pana masafa marefu, ambayo washauri wetu wameyaruka kwa hatua moja. Benki nyingi humkubali mwenye namba ya Hifadhi ya Jamii, ambayo hata mwanafunzi mwenye kibarua chuoni huipata kihalali, na baadhi yake huipokea namba ya mlipa kodi iliyoanza kutolewa mwaka 1996 kwa wasiostahiki namba ile ya kwanza.

Sikatai kwamba yapo yaliyozuiliwa kwelikweli. Mikopo ya masomo ya serikali kuu hapewi mwenye viza ya mwanafunzi. Ile ya makampuni binafsi aghalabu hutaka mdhamini aliye raia au mkazi wa kudumu, sharti zito kwa mtu ambaye jamaa zake wote wako Tanga au Kisumu. Na mikopo ya nyumba inayodhaminiwa na FHA, idara ya serikali, imefungwa kwa wakazi wasio wa kudumu tangu tarehe 25 Mei 2025. Lakini kufungwa kwa hayo hakuthibitishi kufungwa kwa yote, na mtu aliyenyimwa mkopo wa nyumba hakunyimwa kwa sababu hiyo kadi ya kununulia petroli.

Kosa kubwa zaidi ni kutojua kinachoandikwa. Makampuni matatu, Equifax, Experian na TransUnion, ndiyo yanayoshika madaftari ya mikopo ya watu nchini humo, na hesabu ya alama zitokanazo na madaftari hayo haiutazami uraia wa mtu wala aina ya viza yake: inatazama alifungua akaunti lini, anadaiwa kiasi gani, na kama alilipa kwa wakati. Katika hesabu ya FICO, iliyoanza mwaka 1989 na inayokwenda kutoka 300 hadi 850, asilimia 35 ya uzito imewekwa kwenye ulipaji, asilimia 30 kwenye kiasi cha deni, na asilimia 15 kwenye umri wa akaunti. Huo umri haununuliki kwa fedha yoyote, na pasipo na akaunti iliyotimiza angalau miezi sita hesabu yenyewe haifanyiki. Mkenya aliyelipa mikopo yake yote Nairobi bila ya kuchelewa hustaajabu akiambiwa kwamba hajulikani, hali ya kuwa TransUnion hiyo hiyo ya Chicago inafanya kazi Nairobi pia. Lakini daftari la nchi moja kwa kawaida halisomwi na benki za nchi nyingine. Basi aliyengoja miaka kumi huipokea kadi ya kijani akiwa na daftari tupu, sawa na aliyeshuka uwanja wa ndege jana.

Nimewaona watu wa kazi nzuri, wauguzi na wahandisi, wameketi mbele ya muuza magari yaliyokwisha kutumika, wakitia saini riba ya zaidi ya asilimia 20, kwa kuwa hapana benki iliyowajua. Mwenye nyumba naye huwaongezea amana, na kampuni ya umeme hudai yake kabla ya kuwasha taa. Hawa ndio waliofuata nasaha ya kujiepusha na deni.

Njia ya kuanza haina siri. Mtu huweka benki amana ya dola 200, naye hupewa kadi yenye kikomo cha dola 200, aitumie kwa jambo moja alilokuwa akilifanya vyovyote, kama petroli ya juma. Taarifa ya mwezi hufungwa tarehe yake, na siku ya mwisho ya kulipa haiwi chini ya siku 21 baadaye. Akilipa salio lote ndani ya muda huo, kwa kadi zilizo nyingi hatozwi hata senti ya riba. Kinachopelekwa kwenye madaftari aghalabu ni salio lililosomwa siku taarifa ilipofungwa, na kwa hiyo mwangalifu hulipunguza kabla ya siku hiyo kufika. Baada ya muda wa kulipa vizuri amana hurudishwa.

Kwa ndugu zetu Waislamu liko swali zito zaidi, nalo ni la riba. Maulamaa wamekhitilafiana: wako wasemao kwamba kutia saini mkataba wenye sharti la riba ni haramu hata kwa aliyekusudia kutoilipa kamwe, na wako walioruhusu kwa mwenye haja anayeweza kulipa salio lote kabla ya muda kwisha. Anayeshika kauli ya kwanza kwa dini yake namheshimu, wala sina neno naye. Ugomvi wangu ni na yule aliyeazima hoja ya dini kuifunika hofu ya viza, akamwambia kijana kwamba jambo haliwezekani, ilhali linawezekana.

Tena hata mwenye kauli ya kwanza hakukosa njia. Mjini San Francisco, jumuiya iitwayo Mission Asset Fund imeuchukua mchezo ambao mama zetu wa Mombasa na Dar es Salaam wanaujua kwa jina la upatu, watu wakichanga kiasi kimoja kila mwezi na kupokea kwa zamu, bila ya riba, ila kila mchango unaolipwa huripotiwa kwenye madaftari ya mikopo na kumjengea mchangaji jina. Jumuiya zetu huko Marekani, ambazo kwa siku chache huchangisha maelfu ya dola za kumsafirisha marehemu hadi kwao, zina waweka hazina wanaoaminika na watu waliozoea kutoa. Sijaona hata moja iliyofanya mapatano ya namna hiyo, na kila niulizapo, naambiwa ya kwamba wanachama wengi bado wako kwa viza ya muda.